Baragumu Lisilopigwa

Hadithi hii nimetumiwa na dada mmoja wa kwaya, naye alitumiwa na shemeji yake, na huyo shemeji sijui aliitoa wapi. Niliisoma nikiwa jikoni, ugali ukaungua. Kwa hiyo kama una kitu motoni, kiepue kwanza, kisha kaa chini usome. Ukimaliza, usiikalie peke yako.

Juu kabisa katika milima ya Upare, kwenye kijiji kiitwacho Kirongwe, aliishi mwalimu mstaafu jina lake Eliapenda Mshana. Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake alilifunga hadi kifungo cha juu hata kwenye joto la Februari. Alifundisha somo la uraia mpaka akastaafu, na nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, hakuwahi kumsengenya mtu. Kitu kimoja tu: hakuamini kwamba Mungu yupo, na wala hakuficha.

Watu walimtania. "Mwalimu, mbona hata jina lako limeanza na Mungu? Hilo Eli la mwanzo utalipeleka wapi?"

"Jina nilipewa nikiwa mchanga nimelala," alijibu. "Ningekuwa macho tungejadiliana."

Lakini msije mkamcheka, maana mtu huyu alikuwa na kidonda chake. Alipokuwa kijana, kaka yake Elikana alifariki ghafla, na wakati huo kanisa lilikuwa limemtenga kwa kosa la kuishi na mwanamke bila kufunga ndoa. Wazee wa kanisa wakaamua kwamba hataimbiwa. Siku ya maziko, waumini walisimama ng'ambo ya njia wakitazama, na mama yao akaimba peke yake pembeni ya kaburi, sauti ikimkatika kila mstari. Eliapenda alishika koleo akamfukia kaka yake, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena ndani ya kanisa. Kila Jumapili alimsindikiza mkewe, Naetwe, hadi getini, akamkabidhi mwavuli, kisha akabaki nje akisoma gazeti mpaka ibada iishe. Wewe ungeweza kumlaumu? Mimi nimejaribu nikashindwa.

Sasa, kuzika Kirongwe si kazi ya mchezo. Makaburi yapo mteremkoni, kando ya njia iendayo darajani, na chini ya udongo kidogo kuna mwamba. Kaburi moja hula siku nzima ya wanaume wengi. Zamani kila dhehebu lilizika watu wake. Hawa hawakuchimba Jumamosi, wale hawakuchimba Jumapili, na maskini aliyefariki Ijumaa jioni alikuwa na kazi ya kungoja.

Aibu hiyo ilimalizwa na Mwalimu Mshana. Aliwakusanya watu wote, wa kanisa hili na la kule, na wa msikitini, akaanzisha Chama cha Kuzikana. Kanuni yake kuu ilikuwa fupi: anayezika wenzake, wenzake watamzika. Mtu akifariki, baragumu lilipigwa kutoka kilimani, ile pembe ya tandala ambayo babu zao waliitumia kuitana kwenye kazi za pamoja, na kila mwanachama aliyelisikia aliacha alichokuwa akifanya akaja na jembe.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Mwalimu hakuliandika kwenye katiba ya chama, kwa sababu hakuona faida yake. Kirongwe mtu hapiti penye kaburi lililo wazi akiwa na mzigo. Anautua, anatoa udongo kidogo kaburini kwa mkono au kwa jembe, ndipo anajitwika tena na kwenda zake. Nani alianzisha, hakuna ajuaye. Watu walikuta hivyo na wakaendelea hivyo.

Siku ya kupitisha katiba, Mwinjilisti Zefania Mbwambo alinyoosha mkono. Huyu alikuwa rafiki wa Mwalimu na mashamba yao yalipakana. Aliomba waandike juu kabisa kwamba wanayafanya haya mbele za Mungu.

"Hapana, Zefania," Mwalimu alisema. "Huyo Mungu wenu mlikuwa naye siku ile mliposimama ng'ambo ya njia. Hapa tunaweka makubaliano. Wewe unanifaa, mimi nakufaa. Wema wote wa duniani ni huo, mengine ni mapambo."

Mwinjilisti akashusha mkono. Baba yake mzazi alikuwa mmoja wa wale wazee wa kanisa, na hilo alilijua vizuri.

Na chama kilifanya kazi, tena vizuri kuliko makanisa yalivyofanya. Lazima tukubali ukweli hata kama hautupendezi. Hakuna mwanachama aliyelala siku ya pili bila kuzikwa. Wageni walitoka vijiji vya mbali kuja kujifunza, na Mwalimu aliwaeleza kwa furaha kwamba binadamu hahitaji kutishwa na moto wa milele ili atende mema. Anahitaji kukaa chini na wenzake, kukubaliana, na kupima faida na hasara. Mwinjilisti alijaribu kubishana naye mara kadhaa, lakini kila mara alitoka amepigwa bao.

Katika kijiji hicho alikuwapo pia mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Vizibo. Hakuna aliyelijua jina lake la kweli. Alitokea siku moja na mvua, akili yake haikuwa sawa, na alivaa shingoni vizibo vya soda alivyovitoboa na kuvitunga kwenye uzi, hivyo ulimsikia kabla hujamwona. Alilala kwenye baraza ya mashine ya kusaga. Hakumdhuru mtu. Alitukana tu, na matusi yake yalikuwa na mpangilio wake. Mama huyo alimwita Mwalimu Mshana "mwizi wa chaki," kila asubuhi bila kukosa, na Mwalimu alimvulia kofia akasema, "Nimezirudisha, mama."

Mwaka huo mvua za masika zilikuja na hasira. Barabara ilikatika vibaya, na wanunuzi wa tangawizi wakatuma ujumbe kwamba lori litafika mara moja tu, kesho yake asubuhi, na litaishia ng'ambo ya daraja. Likiondoka halirudi mpaka barabara itengenezwe. Tangawizi ilikuwa imeshachimbwa, imelala kwenye vihenge na chini ya vitanda, na kwa unyevu ule ingeoza. Ada za watoto, dawa za wazee, bati za nyumba, vyote vilikuwa ndani ya magunia hayo.

Asubuhi ile ile ujumbe ulipofika, ndipo walipomkuta Mama Vizibo nyuma ya mashine, amejikunja kwenye magunia matupu, amefariki. Ilionekana alikuwa amelala pale tangu juzi. Hakuna aliyegundua, maana mvua ilifunika kila sauti.

Mwalimu, kama mwenyekiti, aliitisha kikao alasiri. Aliyesimama kwanza ni Yoeli Kighenda, kiongozi wa wakulima wa tangawizi, kijana mwenye akili nyingi. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, na katika uraia hakuna aliyewahi kumpita.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Yoeli. Sema."

"Mwalimu, marehemu hakuwa mwanachama. Hakuwahi kuzika mtu. Kumchimbia kaburi kule makaburini ni kazi ya siku nzima, leo imeshakwisha, na kesho ndiyo siku ya lori. Kumweka mpaka keshokutwa haiwezekani, unajua mwenyewe hali yake. Mimi napendekeza tumfukie kwenye lile shimo lililopo nyuma ya mashine. Vijana wawili wanatosha."

Shimo lile lilikuwa la takataka. Mbwa wakifa walitupwa humo.

"Hapana," Mwalimu alisema. "Hilo ni vibaya."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Ni vibaya tu."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Kila aliyepita darasani kwake alikumbuka madaftari yake. Ukijibu swali bila kueleza, Mwalimu alikuandikia kwa kalamu nyekundu maneno mawili, na maneno hayo yaliuma kuliko fimbo.

"Mwalimu," Yoeli alisema kwa upole, "toa sababu."

Mwalimu akakohoa. "Leo ni yeye, kesho ni wewe."

"Mimi ni mwanachama. Nitazikwa."

"Watu wakisikia watatuonaje?"

"Hana ndugu. Hakuna atakayeuliza."

"Ni binadamu, Yoeli!"

"Ni kweli, Mwalimu. Na watoto watakaofukuzwa shule kwa kukosa ada ni binadamu vilevile, tena walio hai. Ulitufundisha tupime faida na hasara. Nimepima. Tukimfukia shimoni, ugonjwa hautaenea, tangawizi itafika, na marehemu mwenyewe hajui kama amelala shimoni au kwenye kaburi la marumaru. Sasa niambie, nani ameumia?"

Mwalimu alifungua mdomo. Aliitafuta hoja kila alikozoea kuiweka, akakuta patupu. Makubaliano yalikuwa upande wa Yoeli. Faida ilikuwa upande wa Yoeli. Hata huruma, ukiihesabia watoto wote wa Kirongwe, ilikuwa upande wa Yoeli. Na bado alijua kwamba jambo lile ni ovu, alijua kama anavyojua kwamba ana mikono miwili. Alimtazama rafiki yake Zefania apate msaada. Mwinjilisti alikuwa anatazama viatu vyake. Naye alikuwa na magunia ya tangawizi nyumbani.

Wakapiga kura. Wakristo walipiga, Waislamu walipiga, na mikono ilijaa upande wa shimo. Baragumu halitapigwa.

"Kura imepita," Mwalimu alisema, kwa sababu alikuwa mwenyekiti mwaminifu. "Lakini mwili niachieni mimi. Nitachimba mwenyewe."

"Mwalimu, kwa umri huo? Na ule mwamba?" Yoeli aliuliza, na kwa kweli alimhurumia.

"Hiyo ni shauri yangu."

Jioni Naetwe alirudi kutoka kwenye mashine, ambako yeye na jirani mmoja walikuwa wamemwosha marehemu. Alikuwa ametumia kitenge chake cha Pasaka, kile ambacho hakuwahi kukivaa hata mara moja. Alimkuta mumewe amekaa kwenye kiti cha uvivu, chakula hakijaguswa.

"Baba watoto, kula basi."

"Wamenishinda, mama. Wamenishinda kwa maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno."

"Kama ni maneno yako na wewe unayaamini, kinachokusumbua ni nini?"

"Nasikia kama naitwa," alisema. "Kama vile siku za msiba, ile hali ya kushindwa kukaa."

"Baragumu halijapigwa."

"Najua halijapigwa. Mimi ndiye niliyeitangaza kura."

Naetwe angeweza kumhubiria hapo. Wake wengi wangeitumia nafasi hiyo vizuri sana. Yeye alipasha chakula moto, akamwekea mbele, akaenda kumtafutia sururu.

Kulipopambazuka Mwalimu alikuwa tayari makaburini. Alichagua mahali kando ya kaburi la Elikana, karibu kabisa na njia, kwa sababu hapo udongo ulikuwa na kina kuliko kwingine. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Alipiga sururu, akapumzika, akapiga tena. Mgongo ulilalamika. Alipofika kwenye jiwe, akafikiri: huyu mama hatanishukuru. Watu hawatanisifu, watasema nimezeeka vibaya. Sina faida hata moja hapa. Na kila alipofikiri hivyo mikono iliendelea kuchimba.

Alisikia hatua, akainua kichwa. Ni Mwinjilisti Zefania, ana koleo begani, macho mekundu.

"Umekuja kunihubiria?" Mwalimu aliuliza.

"Nimekuja kuchimba. Sina uso wa kuhubiri. Mimi ninayesema Mungu anatuona nilitazama viatu. Wewe unayesema hakuna anayeona, upo hapa."

Akaingia shimoni. Wakachimba pamoja kwa muda.

"Zefania, nisaidie kufikiri. Huyu mama hayumo kwenye makubaliano. Kwa nini nahisi nawajibika kwake?"

"Wewe ndiye mwalimu."

"Labda ni malezi tu. Mama yangu alinilea hivi."

"Mama yako alikulea pia usipige mluzi ndani ya nyumba, nyoka ataingia. Hilo uliliacha ulipokua. Hili mbona huliachi?"

"Labda ni damu. Ndivyo viumbe tulivyo, tunalindana ili tusiishe. Hata kuku hulinda vifaranga."

"Sawa. Lakini kuku hamziki kuku wa jirani." Mwinjilisti akajifuta uso. "Mwalimu, siwezi kukushinda kwa hoja, hilo tumeshalijua. Naona kitu kimoja tu. Jana kijiji kizima kilikubaliana, na wewe ukasema ni vibaya. Kama wema ni makubaliano, basi wewe ndiye uliyekosea. Je, ulikosea?"

Mwalimu alisimama, ameegemea mpini wa sururu. "Hapana," alisema. "Sikukosea."

"Basi kuna sheria nyingine, ambayo hatukuipigia kura. Mimi ninamjua aliyeiweka, na nimeivunja. Wewe humjui, na umeitii. Sijui ni nani kati yetu mwenye hali mbaya zaidi, lakini nadhani ni mimi."

Kabla Mwalimu hajajibu, walisikia watu. Ilikuwa ni msafara wa tangawizi, unashuka kuelekea darajani, magunia vichwani na mabegani. Na njia ilipita pale pale, hatua chache kutoka kwenye kaburi lililo wazi.

Aliyetangulia alikuwa mama mmoja mjane, Nakiete, na kapu lake. Alipoliona kaburi alisimama ghafla. Alitazama darajani, ambako honi ya lori ilikuwa inasikika. Akalitua kapu, akainama, akachukua udongo kwa mkono akautupa pembeni. Kisha alimtazama Mwalimu alivyolowa, na mikono yake ilivyochubuka, akashindwa kujitwika tena. Akavua kanga ya begani, akajifunga kiunoni, akaomba jembe.

Nyuma yake mwingine akatua. Na mwingine. Magunia yakapangana kando ya njia. Kila aliyetua alitaka kutoa udongo kidogo aende zake, na kila aliyetoa udongo alikuta jirani yake anachimba, akaona haya kuondoka. Wachache walijitwika tena wakashuka mbio. Wengi walibaki.

Yoeli alikuwa wa mwisho, na gunia lake lilikuwa kubwa kuliko yote. Alisimama njiani, jasho likimtoka pamoja na mvua.

"Mwalimu, umetutega."

"Sikuwatega, mwanangu. Nilichagua hapa kwa ajili ya udongo. Hiyo desturi hata sikuikumbuka."

Honi ya lori ikalia tena.

"Pita, Yoeli," Mwalimu alisema. "Haimo kwenye katiba. Hakuna faini. Marehemu hajui kama umepita au hukupita. Pita uwahi lori, hakuna atakayeumia."

Hakusema kwa kejeli. Alimaanisha, na macho yake yalikuwa ya mtu anayetaka kujua. Yoeli akapiga hatua moja. Akasimama. Watu wote waliacha kuchimba, wanamtazama. Akainua mguu kwa hatua ya pili, mguu ukabaki hewani kidogo, akaurudisha pale pale ulipokuwa. Gunia likateleza begani likaanguka kwenye tope.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini?" Mwalimu aliuliza taratibu. "Toa sababu."

Yoeli alimtazama mwalimu wake kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Sina sababu, Mwalimu," alisema. "Ni vibaya tu."

Mwalimu Mshana, ambaye hakuna mtu Kirongwe aliyewahi kumwona akilia, hata siku ya Elikana, alikaa kwenye ukingo wa kaburi akalia. Yoeli akashuka shimoni, akaichukua sururu kutoka mikononi mwake, akaanza kupiga lile jiwe.

Mama Vizibo alizikwa jioni hiyo hiyo, katika kitenge cha Pasaka, na vizibo vyake shingoni, maana Naetwe hakukubali katu vivuliwe. Jeneza halikuwapo, walimbeba kwenye machela ya miti. Walipomaliza kufukia, Mwinjilisti alimsogelea Mwalimu, akavua kofia.

"Naomba ruhusa niimbe," alisema. "Na hapa nikiimba, sauti itafika na kwa Elikana. Baba yangu alisimama ng'ambo ya njia ile. Tumechelewa sana, Eliapenda. Tusamehe."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Mwinjilisti akauanza wimbo ule ule ambao mama yake Elikana aliuimba peke yake, watu wakapokea, na njia nzima ikajaa sauti. Ubeti wa pili ulipofika, Naetwe alisikia sauti nzito pembeni yake, kavu, isiyojua tena mahali pa kupanda na kushuka. Hakugeuka kutazama, aliogopa ingenyamaza.

Najua unataka kusikia kwamba dereva wa lori aliguswa akawangoja. Hakungoja. Aliondoka na magunia ya wale wachache waliokimbia. Tangawizi nyingine iliwahiwa kukatwa na kukaushwa juu ya majiko, ikauzwa baadaye kwa bei ya kutupa, na nyingine iliozea ndani. Mwaka ule ulikuwa mgumu, na watoto wengine walichelewa kurudi shule. Kutenda haki kuna gharama yake, na mtu akikuambia vinginevyo mwulize anauza nini. Ila jambo moja lilishangaza: hakuna aliyesikika akijuta. Waliokimbia ndio waliokuwa wanazunguka nyumba kwa nyumba kujieleza.

Chama kilipokutana tena, Yoeli mwenyewe alileta pendekezo. Kuanzia sasa, yeyote atakayefia Kirongwe, mwanachama au mpita njia, atazikwa na wote. Kura zikapita bila upinzani.

"Nimefurahi," Mwalimu alisema. "Lakini nisikilizeni. Siku ile pia tulipiga kura, na kura ikapita, na bado lilikuwa ovu. Kura haikulifanya kuwa jema, na hii ya leo siyo inayolifanya kuwa jema. Nimewafundisha miaka mingi kwamba wema tunautengeneza wenyewe. Niliwapotosha. Sisi tuliukuta."

Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo Mwalimu umeokoka?"

Watu wakacheka, naye akacheka. "Usinivushe mto kabla sijafika ukingoni," alisema.

Jumapili iliyofuata alimsindikiza mkewe kama kawaida, gazeti kwapani. Getini alimkabidhi mwavuli. Naetwe akaingia, akakaa mahali pake, akafungua kitabu cha nyimbo. Kisha akaona watu wa mbele wanageuka mmoja mmoja kutazama nyuma, na Mwinjilisti aliyekuwa anasoma matangazo akapoteza mstari.

Mwalimu Mshana alikuwa amekaa benchi la mwisho karibu na mlango, kofia juu ya magoti, shati limefungwa hadi juu. Gazeti alikuwa ameliacha nje juu ya jiwe, linaloa.

Baada ya ibada, Mwinjilisti alimkimbilia. Alijitahidi asionyeshe furaha kupita kiasi, lakini alishindwa.

"Mwalimu! Karibu sana. Nani amekushawishi?"

"Hakuna aliyenishawishi," Mwalimu alisema. "Siku ile baragumu halikupigwa, Zefania, nami nikalisikia. Nyinyi pia mlilisikia, hata Yoeli na gunia lake. Nimekuja kumtafuta aliyelipiga."

Funzo: Mtu anaweza kutenda mema bila kumwamini Mungu, na wako wanaotutangulia kwa wema huo sisi tunaoimba kila Jumapili. Lakini ile sauti inayosema "ni vibaya" hata baada ya kura kupita na faida kuhesabiwa haikutoka kwetu, na anayeitii kwa moyo mnyofu tayari ameanza kumsogelea Mwenye sauti. Wewe unayemjua kwa jina, usitazame viatu vyako.